Uzi wa Fundi Viatu

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya sita tangu Mzee, mume wangu, apatwe na kiharusi. Mkono wa kulia umelala, mguu anauburuta, mdomo umekaa upande. Kusema — hakuna. Anatazama ukuta. Ukuta wenyewe hauna kitu, hata kalenda nilishaihamishia jikoni.

Dada wa mazoezi alikuja saa tatu, yule anayefundisha wagonjwa kusema upya. Akamwonyesha Mzee kikombe: hiki ni nini, baba? Mzee akafungua mdomo, akahangaika, akatoa "ki—" nami nikasema kikombe. Dada akaweka kikombe chini, akachukua kijiko. "Ki—" Nikasema kijiko.

Nikaitwa kibarazani, kwa heshima zote. Eti mama, wewe majina ya vyombo unayajua, hilo tumelithibitisha. Lakini ukimmalizia, hatasema. Na akizoea kunyamaza miezi hii ya mwanzo, ndiyo basi tena.

Nilikuwa mpiga chapa mahakamani miaka thelathini na moja. Hakimu akianza sentensi, mimi nimeshafika kwenye nukta. Nilipewa cheti kwa ajili hiyo. Kipo ukutani sebuleni.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jipya. Uji kaacha nusu.

Nilikaa naye saa nzima bila kusema neno. Taya liliniuma.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Naogopa sauti yake nimeshaisikia mara ya mwisho, na wala sikumbuki alisema nini. Nadhani ilikuwa habari ya balbu ya choo.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu. Niandike kabla sijasahau.

Alfajiri Mzee alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea nyuma ya mlango. Kuna fimbo yake ya kuvulia pale. Tangu astaafu kazi ya kusoma mita za maji, miaka kumi na moja sasa, kila Jumamosi alikwenda bwawani na kurudi na samaki. Wawili, watatu. Mikono mitupu hajawahi. Majirani nimewatambia mpaka wananikwepa.

Nikamuuliza, unataka kwenda? Akafumba macho, yaani hapana. Nikuletee hapa? Akafumba. Unataka niende mimi? Hakufumba. Akanitazama tu.

Labda sikumwelewa. Lakini dada wa mazoezi alisema mpe kitu atakachotamani kukisemea. Nikamwita wifi yangu, dada yake Mzee, aje akae naye. Wifi akanitazama mimi, akaitazama fimbo, akauliza kama na mimi nimepima presha.

Bwawa ni la maji ya mji, mwendo wa dakika arobaini. Ukingo wa zege, nyasi, watu kama kumi wamekaa mbalimbali kimya kama wanaosubiri kuitwa na daktari. Simjui hata mmoja. Nikapindua ndoo nikaikalia. Kurusha mara ya kwanza, ndoano ikanasa mgongoni mwa sweta langu. Akaja mwanamume mwenye kofia ngumu ya wajenzi, akainasua, akasema habari za asubuhi, akarudi kwake. Nikaelewa kwa nini anavaa ile kofia.

Jirani yangu wa kushoto ni mzee mfupi mwenye aproni ya ngozi, fundi viatu. Alinivumilia karibu saa mbili. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama samaki ninaowataka mimi wanakula chuma. Sikuwa nimeweka chambo. Akanipa minyoo ndani ya kopo la rangi ya viatu.

Mpaka saa sita sijapata kitu. Nikainama kukunja vitu vyangu, kuinuka hivi, ndani ya ndoo kuna perege. Mnene. Uzi umepitishwa shavuni ukatokea mdomoni, ukafungwa fundo zuri kuliko mafundo yote niliyowahi kuyaona. Karibu yangu hakuna mtu. Fundi viatu anatazama mawingu.

Nikamfuata, nikasema asante sana, mzee wangu. Uso ukambadilika kama nimemtukania mama. Akageukia maji.

Kofia Ngumu ndiye aliyenieleza. Mama, hapa hatushukuru. Anayekosa anatiliwa kwenye ndoo akiwa ameangalia kando, na anayetia hajulikani. Ukishukuru, keshajulikana. Nikasema lakini kila mtu anamwona. Akasema ndiyo, kila mtu anamwona, lakini hajulikani.

Haya.

Nyumbani nikamwekea Mzee samaki kwenye sahani, mbichi, na uzi wake. Nikamwambia nimevua mwenyewe. Sikupepesa jicho. Akamtazama samaki. Akauinua ule uzi kwa kidole cha kushoto. Kisha ikatoka sauti — wifi akaja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi, akidhani ni kiharusi cha pili. Kilikuwa kicheko. Kibovu, cha upande mmoja, lakini kicheko! Alicheka mpaka mto ukalowa machozi. Unacheka nini? Hakusema. Lakini chakula kamaliza chote.

Nimefurahi na nimeudhika, sijui kipi zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimejua alichokuwa anacheka.

Nilikuwa naosha vyombo. Nikauosha na ule uzi, nikaukausha, na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la biskuti ninamoweka nyuzi. Uzi mzuri hautupwi. Nikafungua. Limejaa. Nyuzi nene, nyeusi, zenye nta, za fundi viatu. Zote nilizitoa kwenye samaki wa Mzee. Nimeshonea godoro, mishikio ya mikoba, na vifungo vyote vya koti lake la kijani.

Nikakaa chini.

Niliwahi kumuuliza uzi huu anautoa wapi. Nakumbuka vizuri, alikuwa anavua viatu mlangoni. Akaanza, "Kule bwawani kuna..." Nikasema kuna duka. Akanyamaza. Mimi nikaenda kukaanga.

Miaka kumi na moja ya samaki wa watu. Mvuvi wangu.

Jumatano, 12 Machi

Dada wa mazoezi. Kijiko tena. Mzee kapigana nacho robo saa — "ki—, ki—" — jasho linamtoka. Wiki zilizopita akishindwa mara moja anageukia ukuta. Leo hakugeuka. Dada anasema huo ni mwanzo, lakini muda unakwenda.

Mimi nilikuwa jikoni nimeng'ata kitambaa cha vyombo.

Jumamosi, 15 Machi

Nilirudi bwawani nimejiandaa kumfungulia mtu kesi.

Nikamuuliza fundi viatu: kuna mtu wa koti la kijani alikuwa anakaa hapa? Akasema, Mita? Wanamwita hivyo. Majina hawaulizani. Nikauliza, alikuwa anavua vizuri? Fundi akafikiri. Mita kavua samaki watatu, akasema. Mmoja alikuwa ameshakufa.

Basi miaka yote hiyo alikuwa anafuata nini hapa?

Kofia Ngumu akadakia kutoka kule aliko. Kuongea, mama. Mita ni mzungumzaji huyo! Wakaanza kunieleza mume wangu. Nyumba alizosomea mita. Mama aliyefuga bata bafuni. Mbwa aliyemkimbiza mpaka juu ya tangi la maji akakaa huko mpaka jioni. Hiyo ya mbwa aliianza mwezi wa kumi na mbili, hajaimaliza, na wao wamekaa wanangoja ashuke kwenye tangi.

Mume wangu. Akiniomba chumvi nahesabu kuwa ni hotuba.

Nikasema, labda tunazungumzia watu wawili. Fundi viatu akasema Mita huwa anakwenda polepole. Anaanza, anasimama, anatafuta neno, analikataa, anatafuta jingine. Hapa ana wakati wake. Fimbo ziko majini, sisi tuna haraka gani?

Hakusema kwa ubaya. Hajui mimi ni nani, au anajua na hajulikani kuwa anajua. Lakini liliniingia. Nilitazama boya langu na sikuliona.

Nikawaambia. Mimi ni mke wake. Nikawaeleza kiharusi, ukuta, kijiko. Watu wakaacha hata kukohoa. Fundi viatu akavuta mshipi wake taratibu, akaurusha tena.

Mlete, akasema.

Nikasema hawezi kutembea.

Akasema hakuuliza kama anatembea.

Sijavua kitu. Perege nimemkuta ndoo ileile, fundo lilelile. Sikushukuru. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani, unatembea dakika arobaini na neno limekukaa kooni.

Jumapili, 16 Machi

Nikamwekea Mzee kopo la biskuti mapajani. Nikalifungua. Nikamwambia najua, na bata wa bafuni namjua pia. Nikamwambia anisamehe. Sikutaja kwa lipi. Anajua kwa lipi.

Akalifunga lile kopo kwa mkono wa kushoto, akauacha mkono juu ya kifuniko. Nikaweka wangu juu yake. Tulikaa hivyo mpaka wifi akauliza kama leo katika nyumba hii kutapikwa.

Jumamosi tutakwenda wote, nikasema. Hakufumba macho.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia hapahapa bwawani, daftari gotini.

Teksi ilitufikisha getini. Kuanzia pale Kofia Ngumu na wenzake watatu walimbeba Mzee juu ya kiti chetu cha jikoni, kama bwana harusi, koti la kijani na vifungo vyake vyote. Wifi nyuma na mwavuli na blanketi, analalamika tangu kwenye teksi. Hakuna aliyempa Mzee pole. Mmoja alisema tu, umechelewa. Mwingine akasema mbwa bado anangoja chini ya tangi.

Fundi viatu kaleta ukanda wa ngozi, kautengeneza mwenyewe, wa kushikiza fimbo kwenye mkono wa kushoto. Kaufunga bila neno. Haukubana, haukulegea. Sijui vipimo alivipata wapi.

Saa sita kasoro. Mzee hajapata kitu. Sura yake imetulia kama ya mtu aliye kazini.

Saa sita na robo. Samaki ndani ya ndoo yake. Uzi mweusi. Fundi viatu anatazama mawingu.

Mzee kaangalia ndani ya ndoo. Muda mrefu. Kisha kainua kichwa, kamtazama fundi usoni, na kafungua mdomo.

"A—"

Kila mtu hapa anajua neno gani linakuja, na kila mtu anajua kwamba hapa halisemwi. Kofia Ngumu kageukia upande mwingine. Fundi angepaswa kuwa ameshaondoka. Hajaondoka. Kasimama pale pale na aproni yake, mikono inaning'inia.

"As—" Jasho linamtoka Mzee.

Wifi kafungua mdomo. Nimemkanyaga mguu.

Naandika ili mikono iwe na kazi na mdomo ukae kimya. Boya la Kofia Ngumu limezama zamani, fimbo inapinda, haangalii.

"Asa—" Kasimama. Anapumua. Fundi viatu anangoja, kama vile ana siku nzima. Mzee anaanza tena mwanzo.

Neno lote ninalijua. Limenijaa mdomoni. Hata hapa siliandiki.