Binti Yangu Anaongea Kama Wewe

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo,
Jumapili asubuhi, mwezi wa nne.

Kaka mpendwa,

Hujambo, na wifi yangu hajambo? Kifua kimeachia, au vumbi la mbao bado linakusumbua? Sisi wazima. Shemeji yako yuko na lifti zake, kutwa kupanda na kushuka, jioni anasinzia na viatu miguuni. Mimi bado niko dobini na mashuka ya hoteli.

Sasa sikia habari za mpwa wako, Chiriku. Unajua huku nje ya mlango wetu hakuna Kiswahili. Chake kilikuwa kikavu, kama cha mgeni anayeuliza njia. Alipougua homa nikamfungulia video zako za useremala, zile unazoweka mtandaoni. Akazipenda kuliko katuni.

Alasiri moja nilikuwa napiga pasi sare zake, jua limejaa chumbani, mvuke umetanda, mimi nusu macho nusu usingizi. Nikasikia, "Polepooole, mwanangu, usiharakishe." Nilidhani ni mama. Kumbe ni Chiriku, anamfundisha mwanasesere kupiga randa! Maneno ni yako, kaka, lakini ule mvuto wa maneno, ile "r" inayoyeyuka mdomoni, ni vya marehemu mama, vilivyobaki kwako. Mimi vilishanitoka, sijui hata lini. Nilisimama pale na pasi mkononi kama niliyeota.

Haikuishia kwenye raha. Mwalimu wake aliniita. Alisema mtoto anavuta maneno hata katika lugha ya shuleni, wenzake wanamcheka, tupunguze video. Shemeji yako akaiweka simu juu ya kabati. Basi nyumba ikapoa. Nikimsemesha kwa Kiswahili, ananijibu kwa ile lugha nyingine, neno moja, macho chini.

Baba yake ndiye aliyeshindwa kuvumilia kwanza. Alimpakata, akamwuliza ana nini.

"Mjomba atadhani nimemnunia," akasema. Akafikiri kidogo. "Lakini hata nikimwita haitiki. Anapiga randa tu."

Ndipo tulipoelewa. Muda wote ule mtoto alikuwa anazungumza nawe, anangoja umalize kazi umgeukie.

Nilirudi kwa mwalimu nikamweleza lafudhi ile ni ya nani, na jinsi mtoto anavyongoja video imjibu. Akasema, "Basi mpeni mtu wa kuongea naye."

Ndiyo maana nakuandikia. Tupigie simu ya video, kaka, uso kwa uso, hata ukiwa katikati ya kazi. Ana maswali chungu nzima. Anataka kujua kwa nini mbao hunukia zikikatwa. Usijisumbue kumfundisha wala kumrekebisha. Mwitikie tu.

Msalimie wifi, mama mkubwa, na shangazi mcheshi. Mola avilinde vidole vyako na meno ya msumeno, na usingizi wako uwe mwororo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka.