Sampo Yenye Vyumba

Jumatatu, 3 Machi
Kaka karudi kutoka mazoezini, gari la marehemu Baba likivutwa kwa kamba. Mwenyewe anapiga mluzi! Ati kila akikata kona kali taa ya oili inawaka, ikabidi azime injini kabla haijafa. Nimemweleza: kwenye kona oili inakimbilia upande mmoja wa sampo, lile beseni la oili chini ya injini, pampu inabaki kunyonya hewa. Basi ishike isikimbie, kasema, si wewe ndiye fundi? Mashindano ya magari ni Jumamosi. Injini hii ikifa hatupati nyingine – utotoni tulijua Baba karudi nyumbani kwa kuisikia. Nimekubali. Kwa kununa, lakini nimekubali.

Jumatano, 5 Machi
Sampo mpya, bati nene. Ndani nimechomelea kuta fupi zenye vijilango vya bawaba: oili iingie kwenye chumba cha bomba la pampu, kutoka isitoke. Mama kachungulia, kauliza trei hiyo ya keki ni ya nani. Kaka naye: uchomeleaji wangu una makovu kushinda goti la mtoto. Sasa naitwa Kovu. Asante sana, Kaka.

Alhamisi, 6 Machi
Aibu! Vipimo nilichukua injini ikiwa imepinduliwa, miguu juu. Sampo nikaichomelea ikiwa mdomo juu. Kuigeuza niifunge, kulia kumekuwa kushoto – bomba la pampu huku, chumba chake kule! Kaka kacheka hadi kakaa chini. Eti oili iko sebuleni, pampu iko jikoni, zitapigiana simu. Nimecheka pia, kisha nikaenda kulia kidogo bafuni. Mama kanikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Nikamwambia akaiambie Jumamosi.
Nimekata kuta zote. Naanza upya.

Ijumaa, 7 Machi
Kuta mpya tayari. Kuijaribu sampo: mafuta ya taa ndani, chokaa nje. Chokaa imebaki kavu. Haivuji! Tumeifunga kwenye injini.

Jumamosi, 8 Machi
Tuko kwenye foleni ya kuanza. Kaka kanilazimisha kukaa kiti cha pembeni: aliyechomelea apande. Taa ya oili kaibandika utepe mweusi! Nikauliza kulikoni. Hawezi kutazama barabara na taa kwa pamoja, kasema. Barabara ni yake, oili ni ya Kovu. Wala hakucheka. Wiki nzima nilitaka aache utani. Sasa kaacha. Gari la mbele yetu limeondoka. Kaka kakanyaga mafuta – sauti ni ile ile, Baba yuko getini. Naandikia gotini kwa mkono mmoja. Wa pili, ukucha uko tayari kwenye ukingo wa utepe –