Insulini Yangu Inakwenda Maskati

Jumamosi, jioni. Joto la leo ni lile linalotangulia mvua za kwanza, shati linaganda mgongoni hata ukiwa umekaa tu kivulini. Umeme ulikatika mchana, umerudi sasa hivi. Siku kama hii huwa inanikuta nimenuna. Leo siwezi kununa hata nikijilazimisha.

Nimepata kazi Maskati, na nimeipata bila kumficha mtu kwamba nina kisukari.

Ngoja niandike taratibu, maana nataka siku moja nirudi hapa nisome nikumbuke ilivyokuwa.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni fundi wa mitambo ya ubaridi. Nafanya kazi kwenye ghala moja la samaki hapa mjini Mtwara, lenye vyumba vya baridi ambavyo lazima viwake usiku na mchana. Nina kisukari kile cha kuchoma insulini kila siku, nilichogundulika nacho nikiwa kidato cha pili. Miaka ile, nyumbani kwetu Ufukoni, umeme ulikuwa ukiondoka unakaa huko huko. Mama alikuwa akiziweka chupa zangu za insulini kwenye kijichungu, kijichungu anakizamisha kwenye mchanga uliolowa, kisha anakaa anakiangalia kama anayelinda mtoto mchanga. Mimi pembeni yake nilikuwa najiuliza baridi inatengenezwaje hasa. Nikaenda chuo cha ufundi kutafuta jibu. Nikabaki huko huko.

Basi. Miezi michache iliyopita wakala wa ajira alinitafuta. Kampuni moja ya Maskati inayohifadhi matunda na samaki ilitaka mafundi. Nilifanyiwa usaili kwa simu ya video, wakaniuliza habari za kompresa na gesi na mambo ya umeme wa njia tatu, nikajibu. Wiki iliyofuata mkataba ukaja.

Nimewahi kuona watu wakisaini mkataba kwa kuangalia ukurasa wa mshahara tu. Mimi nikaanza na ukurasa wa bima ya afya.

Kilikuwa Kiingereza kile cha wanasheria, nikasoma kila sentensi mara mbili, nyingine mara nne. Kampuni ingenikatia bima, vizuri. Lakini kulikuwa na kipengele kilichosema kwamba ugonjwa wowote ambao mtu anao kabla ya kuanza kazi hautalipiwa mpaka amalize kipindi cha kusubiri. Kipindi chenyewe kilikuwa cha miezi kadhaa. Insulini haisubiri miezi. Haisubiri hata siku mbili.

Nikampigia wakala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayenionea huruma, "Dada Neema, kisukari hakionekani usoni. Wakikuuliza, sema huna. Ukifika kule utajinunulia dawa zako kimyakimya."

Hakusema kwa ubaya. Ameshasafirisha watu wengi na anajua waajiri wanaogopa nini.

Na mimi, nikiri hapa, ushauri ule ulinikaa vizuri kichwani kwa siku kadhaa. Nilijiona nikishuka uwanja wa ndege, dawa zimefungwa ndani ya khanga, hakuna anayejua. Niliiona hata kona ya chumba ambapo ningekuwa najichoma sindano mlango umefungwa.

Aliyenizindua ni Shaibu.

Shaibu ni mwenzangu kazini, mtu wa Mpapura, kwao wana mashamba ya mikorosho na yeye mwenyewe ana mikono ya jembe na spana kwa pamoja. Siku hiyo nilikuwa juu ya ngazi ndani ya chumba cha baridi nabadilisha feni, sukari ikashuka. Ubaya wa kazi yangu ni kwamba kutetemeka kwa baridi na kutetemeka kwa sukari ni kama mapacha. Mimi nilidhani ni baridi. Shaibu alinitazama usoni mara moja tu, akanishika kiuno akanishusha, akanitoa nje, akanitia soda mkononi. Alisimama pale mpaka nikaimaliza. Anajua la kufanya kwa sababu nilimwambia siku ile ile tulipoanza kufanya kazi pamoja.

Nilipopata nguvu nikamsimulia habari ya wakala. Akafikiri, akasema, "Sasa huko wasipojua, nani atakupa soda?"

Akarudi ndani kumalizia feni yangu.

Kesho yake nilikwenda hospitali kumwona daktari wangu. Nilikwenda na mkataba wote. Nashukuru nilikwenda, kwa sababu niligundua kwamba mambo mengi niliyodhani nayajua nilikuwa nayajua nusu. Kwanza, bima yangu ya hapa inaishia mpakani. Mimi nilikuwa nimejipa moyo kwamba kwa dharura ingenisaidia hata huko. Pili, alinieleza kwamba bima hulipia ugonjwa ilioambiwa na ikaukubali. Ukiuficha, halafu siku moja ukazidiwa ukalazwa, wakigundua wanaweza kukataa gharama zote za matibabu, nawe uko kitandani nchi ya watu. Tatu, cheti changu cha dawa cha hapa Mtwara huenda kisitambuliwe kwenye duka la dawa la kule. Lazima nikaonwe na daktari wa kule, naye aandike cheti chake. Kwa hiyo nibebe dawa za kunitosha mpaka nimwone huyo daktari, na kabla ya hapo niulize sheria zao zinaruhusu kuingia na dawa kiasi gani.

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulitilia maanani. Kwenye boksi la insulini kuna jina kubwa, lile la biashara, na chini yake kwa herufi ndogo kuna jina la dawa yenyewe. Jina kubwa linaweza kubadilika ukivuka nchi. Lile dogo ndilo la kushika. Barua aliyoniandikia ilikuwa na lile dogo, nguvu ya dawa, na kipimo ninachochoma asubuhi na jioni. Akaniambia dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake, zisiwekwe kwenye mizigo ya chini ya ndege kwa sababu huko zinaweza kuganda. Hapo nilicheka kidogo. Habari ya vitu kuganda ni kazi yangu.

Nilitoka pale na moyo mwepesi. Nyumbani ukakutana na mama.

Mama ni mwalimu mstaafu. Yeye na marehemu baba walihamia hapa kutoka Songea, baba akiwa karani bandarini, na tangu baba aondoke tuko wawili tu. Nilipomweleza mpango wangu wa kuwaambia ukweli, alinijibu kwamba ukweli wenyewe ni kwamba sipaswi kwenda kabisa. Tukabishana, sisi ambao hatubishani. Mimi nikaongea habari za bima, yeye habari za alfajiri. Kuna asubuhi sukari inashuka nikiwa usingizini, na yeye kupitia ukutani husikia nikihangaika, anakuja na uji wa sukari.

"Nitakaa hapa nasikiliza ukuta," alisema, "na wewe uko ng'ambo."

Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu iliyofuata nilipiga simu Maskati mwenyewe, bila kupitia kwa wakala. Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza, nimeandika hadi salamu. Akapokea mama mmoja wa ofisi ya watumishi, aliposikia natokea Mtwara akabadili lugha papo hapo. Kiswahili cha Unguja, laini, cha mtu aliyelelewa na bibi wa huko. Anaitwa Bi Zuwena. Aliniuliza habari za nyumbani, za mama, za mvua, kabla hajaniuliza shida yangu.

Nikamwambia. Nina kisukari, tangu shule. Nachoma insulini kila siku. Nafanya kazi bila matatizo kwa sababu wenzangu wanajua. Naitaka kazi hii, lakini kwa kipengele kile cha kusubiri siwezi kuja, na kwa uongo siwezi kuja pia.

Aliniuliza ni kipengele kipi, nikasikia akifunua kurasa. Kisha akasema nimtumie taarifa ya daktari na kipimo kile kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu, naye atazungumza na watu wa bima. Hakuahidi kitu.

Nilipima. Majibu yalikuwa mazuri, daktari mwenyewe alitabasamu. Nikatuma.

Halafu kimya.

Wakala alipojua alinipigia akiwa amekasirika. Alisema nimejiharibia, na pengine nimewaharibia wengine, kwamba kuna fundi mwingine yuko tayari na hana ugonjwa wowote. Niliendelea kwenda kazini, nikakagua mageji, nikajaza gesi, nikajifanya sijali. Nilikuwa najali mno. Kila simu ikilia nilikuwa nafuta mkono kwenye suruali kabla ya kupokea. Siku moja nilijikuta nawaza labda mama na wakala wote wako sahihi, kila mmoja kwa upande wake, na mimi ndiye niliyejiona mjanja.

Leo asubuhi nilikuwa nafua. Simu ikalia, namba ya Maskati.

Bi Zuwena alinisalimu kwa utaratibu wake wote, mvua, mama, nyumbani, nami nikijibu huku povu linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kisha akasema watu wa bima wamekubali kukiondoa kile kipengele kwa upande wangu. Insulini, vijiti vya kupimia sukari na kliniki, vyote vinalipiwa kuanzia siku ya kwanza ya kazi. Na mkuu wa mafundi amesema nitapangwa na mwenzangu zamu zote, na huyo mwenzangu ataelekezwa dalili za sukari kushuka.

"Alisema anayesoma mkataba hivi," aliongeza, "atasoma na mitambo yake."

Nilitaka kulia. Badala yake, sijui nguvu ilitoka wapi, nikasema, "Ahsante sana, mama. Naomba nipate hayo kwa maandishi kabla sijasaini."

Akacheka, cheko refu la mtu aliyefurahi, akasema nilichelewa tu kuomba, yamo njiani. Nikamwomba na jambo la pili, kama anaweza kuniulizia kwenye duka la dawa la karibu na makazi ya wafanyakazi kama dawa yangu ipo.

Barua pepe iliingia kabla sijamaliza kuanika nguo. Mchana ikaja picha. Bi Zuwena alikuwa amekwenda dukani mwenyewe, akapiga picha ya boksi.

Nilikaa na mama barazani, nikamsomea barua yote, sentensi kwa sentensi, namgeuzia kwa Kiswahili. Aliuliza maswali kama alivyokuwa akiwauliza wanafunzi wake, haruki mahali. Nikizidiwa je, hospitali gani? Ikiwa sikukuu? Dawa ikiisha kabla ya cheti kipya? Mkataba ukikatishwa, bima inabaki muda gani? Yale niliyoyajua nilijibu. Lile la mwisho sikulijua, nikamwandikia Bi Zuwena pale pale, akajibu ndani ya saa ile ile, wazi, na kwa maandishi.

Kisha mama akavaa miwani, akachukua boksi langu kutoka kwenye friji, akaliweka kando ya simu yenye picha. Majina makubwa ni tofauti kabisa, hata rangi hazifanani. Akashuka chini kwenye herufi ndogo. Alizifuata kwa kidole, moja moja, kwenye boksi kisha kwenye picha, boksi kisha picha, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho alirudia tena. Nguvu ya dawa nayo ni ile ile.

"Ni yenyewe," akasema.

Akavua miwani akaipangusa kwa upindo wa khanga kwa muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji. Halafu akaniambia nimwelekeze Bi Zuwena jinsi ya kumpata kwa simu, wanawake wawili wazima wana mambo yao ya kuzungumza. Na kwamba kila alfajiri, mpaka mimi nizoee, atapiga, na nisipopokea atampigia huyo mwenzangu wa zamu, ajue Kiswahili asijue.

Jua lilipopoa tulitembea mpaka Shangani. Tulikutana na mwalimu mwenzake wa zamani, mama mmoja mwenye maneno mengi, akauliza mimi siku hizi niko wapi. Nikajua mama atajibu kwa mkato. Miaka yote hii habari ya ugonjwa wangu imekuwa ya nyumbani kwetu tu. Hata kanisani akiniombea alikuwa anasema "afya ya mwanangu", basi. Alikuwa anaogopa watu wataniacha, hawataniajiri, hawatanioa.

Mama akasimama, akaniwekea mkono begani.

"Neema anakwenda Maskati, fundi," alisema, kwa sauti ambayo hata waliokaa ng'ambo ya barabara walisikia. "Ana kisukari, na wanajua, na wamemtaka hivyo hivyo."

Yule mwalimu akanishika mikono yote miwili. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mjukuu wake naye anacho, na kama ningeweza kupita kwake kesho baada ya ibada, nimwonyeshe binti kwamba fundi anaweza kuwa mtu kama yeye.

Nitapita. Na Jumatatu nasaini mkataba, kisha naandika barua ya kuacha kazi ghalani.