Mapazia Yameshakatwa

Shoga, uko macho? Kaa kwanza. Mjukuu wangu, yule fundi cherehani, amenipigia asubuhi hii, na mpaka sasa chai yangu imepoa.

Unakumbuka alivyofunga duka, akamwachia fundi mwenzake wateja wote, ili amfuate mumewe kwenye kazi mpya huko mwisho wa nchi. Safari nzima cherehani miguuni!

Jana bwana alirudi kutoka kazini, siku yake ya kwanza, akamkuta anapunguza mapazia. Madirisha ya huko ni mafupi. Bwana akavuta kiti, akatazama mkasi unavyokula kitambaa.

Pazia la mwisho lilipokatwa ndipo akakohoa. "Mke wangu, kampuni inafungua tawi jipya. Wamenichagua mimi, kwa kuwa nakujua kule."

"Kule wapi?"

"Kule tulikotoka."

Shoga, kule walikotoka! Na mapazia yameshakatwa!

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilikuona umefurahi, nikaona nisikuharibie."

Asimharibie! Ya Firauni hayo.

Mjukuu wangu hakupiga kelele. Akayatundika yale mapazia. Jirani mpya akayaona dirishani, akabisha hodi, akaagiza mapazia ya nyumba nzima.

Mlango ulipofungwa, akamgeukia mumewe. "Haya, baba, safari njema. Mimi nilikufuata. Sasa zamu yako kunifuata, na mimi niko hapa hapa."

Akajizungushia blanketi lote, akalala fofofo. Bwana akabaki anatazama dari, amejifunika vile vipande vilivyokatwa kwenye mapazia, miguu nje, mpaka usingizi ukamhurumia naye.