Kioo Kipya cha Joaquín

Asunción, 4 Machi 2024

Dada Nilda,

Pokea salamu za nyumbani. Mgongo umepata nafuu, au bado unainama kwenye kile kibanda chako cha ufundi kisicho na taa ya maana? Mama hajambo, ni magoti tu. Anauliza kama unakula. Mimi mwili ni mzima. Naandika kwenye karatasi na kuituma kwa basi kwa sababu simu ofisini sithubutu kuishika: Teresita wa meza ya pili husoma chochote kinachowaka kiganjani mwangu.

Dada, nimejipalia makaa. Wakili Benegas, bosi wangu, alisikia kwamba natengeneza mashine za gemu. Akaniletea ya mwanawe Joaquín, ile ya mkononi, ya zambarau, iliyolala kabatini tangu kijana aende Hispania. Joaquín anarudi Wiki Takatifu, kwa mara ya kwanza. "Nataka iwake tu," aliniambia. "Iwake, basi."

Lakini mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi huu, na wa kuusaini ni yeye, nikaona nimfurahishe. Kioo chake cha asili hakina taa ndani. Bila jua huoni kitu. Nikakitoa, nikafunga kile chenye mwanga ulichonitumia kwa ajili ya mashine yangu. Swichi nayo ilikuwa na kutu, nikaisafisha kwa dawa ya kusafishia mihuri ya ofisini, maana ndiyo tunayoitunza kuliko zote.

Sasa nikiwasha, kitaa cha kijani kinatokea, kioo kinakuwa cheupe, halafu vyote vinazimika. Betri ni mpya. Utepe wa waya nimeuchomoa na kuurudisha mara ishirini. Kioo cha zamani nakutumia humu. Kikikaa mezani kwangu naona kama kila mtu anakitazama.

Nifanye nini?

Mdogo wako,
Wilfrido


Ciudad del Este, 8 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika zikiwa baridi, maana dereva aliketisha kifurushi juu ya barafu ya tereré yake, ile chai baridi. Mgongo unauma pale pale. Mwambie mama nakula, tena nakula mikate ya jibini, zile chipa mbaya za hapa stendi, atanihurumia.

Sasa wewe. Mtu anakuomba iwake, unamjengea uwanja wa mpira. Hata zamani mama akikutuma chumvi ulikuwa ukirudi na chumvi na maelezo.

Dawa ya mihuri ina mafuta, Wilfrido. Imetengenezwa ili mpira wa mhuri usikauke. Ndani ya swichi yanabaki kama utando. Kioo cha zamani kinakula umeme kidogo, kisingejali. Hicho kipya ni mlafi: kikivuta, umeme haupiti wa kutosha, mashine inazima. Nani mwingine duniani angesafisha swichi kwa dawa ya mihuri, kama si karani?

Nunua spiriti kali duka la dawa. Toa betri kwanza. Tia tone kwenye swichi, isukume mbele na nyuma mpaka mkono uchoke, iache ikauke, rudia. Usiguse kitu kingine. Nakujua, utataka kuipaka na rangi.

Na mkataba usiposainiwa, hapa kibandani kuna kigoda kitupu. Sikutishi. Nakuambia tu kipo.

Dada yako,
Nilda


Asunción, 15 Machi

Dada Nilda,

Natumai umelala vizuri kuliko mimi. Mama anakuombea, chipa mbaya zimemuumiza sana.

Imewaka. Niliiwasha na kuizima hadi Teresita akauliza kama nina mdudu mezani. Leo asubuhi nikampelekea Wakili. Aliiwasha, uso wake ukaangaziwa kutoka chini.

"Hii si ya Joaquín."

"Ni yake, Wakili. Nimebadilisha kioo tu."

"Nani alikuomba?"

Ndipo akaniambia, wala si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Joaquín alipokuwa mtoto hakuweza kuona mchezo bila jua, kwa hiyo kila alasiri alikaa kwenye ngazi ya ua, nyuma ya ofisi. "Nikiinua macho kutoka kwenye makaratasi nilikuwa namwona. Alikuwa hana pa kwenda kwa sababu jua lilikuwa pale." Halafu akauliza kioo cha zamani kiko wapi.

Nikasema, "Kiko salama kwa dada yangu, kinakuja." Maneno yalitoka kabla sijayapima.

Mkataba uko mezani kwake, nimeuona, hauna saini. Teresita anasema hata mhuri wangu siku hizi unagonga kwa woga. Tafadhali kirudishe na basi la kwanza.

Mdogo wako,
Wilfrido


Ciudad del Este, 19 Machi

Wilfrido,

Mko wazima? Mimi mzima, ila barua yako imenikalisha chini.

Kioo hakipo. Uliandika hukitaki mezani, nikaelewa hukitaki. Nilikifunga kwenye mashine ya Mbrazili aliyekuja na kioo kilichopasuka, akavuka daraja kurudi kwao Brazili. Nimeuliza vibanda vyote, hakuna anayemjua.

Ninacho kingine, cha asili vilevile, kilichong'olewa kwenye mashine mbovu. Ningekituma ukasema ndicho, Wakili asingejua. Sikitumi. Wewe ungejua, na kila mlango ukifunguliwa ungeruka. Mwambie.

Kigoda kipo.

Nilda, dada yako


Asunción, 28 Machi

Dada Nilda,

Mama anakusalimu, mikono yake imejaa unga wa chipa na anakuwekea zako. Mgongo uupumzishe sikukuu hii.

Nilimwambia Wakili ukweli wa kioo Jumatatu, nimesimama, kwa sauti niliyokuwa siijui. Alisema, "Sawa." Basi. Hiyo "sawa" nimeigeuza kichwani siku zote hizi na sijaona kilicho nyuma yake.

Jana alikuja Joaquín, ana ndevu, anainama mlangoni. Alipokabidhiwa mashine alicheka, akaenda moja kwa moja kwenye ngazi ya ua, juani, bila kuambiwa. Nikafuata hadi mlangoni nimebeba majalada nisiyoyahitaji. Aliigeuza huku, akaigeuza kule.

"Baba, sioni kitu."

Dada, mbele ya jua kali mwanga wa kioo kile unamezwa wote. Sikuwahi kukijaribu nje. Nikajua mkataba umekwisha.

Wakili alinipita mlangoni. Akavua koti lake, akasimama nyuma ya mwanawe, akalitandaza juu ya kichwa cha kijana kwa mikono miwili.

"Sasa je?"

"Sasa naona. Lakini utachoka, mzee."

"We cheza."

Kalamu yake, ile ya kusainia, ilidondoka mfukoni mwa koti ikabingirika hadi miguuni pangu. Nikaiokota. "Wakili, kalamu yako."

Hakugeuka. "Kaa nayo. Karatasi yako nitaisaini Jumatatu. Sasa mikono imejaa."

Iko mfukoni mwa shati ninapoandika. Kila mara naigusa nione kama ipo. Jumatatu ni mbali, dada. Kile kigoda usimpe mtu bado.

Mdogo wako,
Wilfrido