Filamu Niliyoizima Sauti

Chepilat,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Kwa mdogo wangu Arasa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Valary na za watoto wote wawili. Natumai Nairobi inakutunza na kile kikohozi kimeisha. Sisi huku tu wazima. Mvua imezidi, chai inachipuka kuliko mikono ya kuichuma, na mimi bado niko kiwandani sehemu ya kunyausha majani, natembea kilomita zangu ndani ya jengo moja. Mama pia hajambo, isipokuwa macho. Daktari amesema mtoto wa jicho amekomaa pande zote mbili na atafanyiwa upasuaji mwezi wa pili. Kwa sasa anaona mwangaza na vivuli tu. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu, ila hamjui mpaka aseme.

Utashangaa kwa nini naandika barua na simu iko. Simu nimeijaribu mara tatu. Kila nikianza unacheka, nami nacheka kwa sababu umecheka, mwisho tunaagana bila kusema kitu. Kwa hivyo nimeandika, na Oketch wa kiwandani, anayekuja kumwona dada yake huko, atakukabidhi mkononi. Isome ukiwa umeketi.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, mimi kama mzee wa vichekesho, naionaje filamu yako ya "Mama Biro". La pili, kama Mama atakubali kuketi kiti cha mbele siku utakapoionyesha Kericho mjini mwezi wa Desemba, ili uwaonyeshe watu mama mwenyewe. Nitajibu yote, lakini kwa mwendo wangu, kwa maana la pili limelala ndani ya la kwanza.

Wewe ulikuwa mdogo sana, sijui kama unakumbuka ule ukumbi wa estate ya chai, shuka nyeupe ukutani na mashine iliyonguruma kuliko filamu yenyewe. Zilikuwa filamu kuukuu, nyingi hazina sauti hata kidogo. Sisi tulienda Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato. Wachumaji, watu wa boila, makarani, wote chini kwenye sakafu. Kilichonifunga mimi kwa filamu zile ni kitu kimoja: aliyeanguka alikuwa mkubwa. Polisi mwenye kitambi, tajiri mwenye kofia, mwenye hoteli. Yule maskini mwenye viatu vilivyopasuka alipita hapo hapo na hakupatwa na kitu. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, halafu Jumatatu tukarudi kwa msimamizi wetu tukimwamkia kwa adabu.

Sisemi za zamani zote zilikuwa malaika. Nimezirudia nyingi kwenye simu na zingine zimenichefua. Mwanamume anampiga mkewe na watu wanatakiwa kucheka. Mtumishi mweusi anafanywa atoe macho kama chura. Wala si kweli kwamba za sasa ni takataka, vile wazee wenzangu wanavyosema. Yuko msichana mmoja anayeigiza kamati ya harusi, watu kumi wanazungumza na hakuna aliyeleta chochote, na anawacheza wote kumi peke yake. Huyo namheshimu. Ninachokataa katika za sasa ni haraka, na kile kicheko cha kubandika kinachokuambia sasa cheka. Hupewi hata nafasi ya kuliona ganda la ndizi ukalisubiri. Utamu wote wa kuanguka uko kwa kusubiri.

Tena kuna jambo la matamshi. Nusu ya vichekesho vya sasa ni mtu anayesema Kiswahili kwa ulimi wa kwao, basi. Mimi sipingi watu kuchekana ulimi. Hapa kwetu hakuna anayepona. Oketch akisema amenunua "sati" badala ya shati tunamwuliza sati ni mnyama gani, mama Chepchirchir wa jirani akitaka kusema kabisa akasema "kapisa" tunamjibu "kapisa kapisa", na sisi Wakisii tukichanganya l na r wanatumaliza. Lakini huo ni utani, na utani una zamu. Leo wewe, kesho mimi, na aliyechekwa yuko pale pale na mdomo wake, anarudisha. Kwenye filamu aliyechekwa hayuko.

Sasa nije kwa yako. Nitasema kweli: una kipaji. Uliponitumia niliitazama na Oketch wakati wa chai ya saa nne. Ulipotokea na kitambaa cha Mama, na kikapu mgongoni, na ule mwendo wake wa kuinua goti kana kwamba bado yuko katikati ya mistari ya chai, nilipiga kelele. Halafu ukafika pale shuleni. Akina mama wengine wameleta sufuria za kuku, wewe unafungua gazeti na kutoa biro kumi na mbili, unasema, "Mwarimu, nimereta karamu." Oketch alicheka mpaka akamwaga chai. Mimi niliifunga simu, na sikumwambia kwa nini.

Mama alikuwa ameshasikia kwamba umetoa filamu. Alidai kuiona. Nikamwambia ataionaje, akasema vile anavyoziona zile zingine. Maana tangu macho yafifie, Jumapili baada ya chakula mimi humwekea filamu za zamani na kumsimulia: sasa anapanda ngazi, sasa ngazi inateleza, polisi yuko chini hajui. Za zamani ni rahisi kusimulia, mambo yote yako mwilini. Mama hucheka mapema kuliko mimi, kwa sababu anakumbuka.

Nilimzungusha wiki mbili. Wiki ya tatu nikakosa uongo, nikaketi naye mbele ya kompyuta ya Valary. Na hapo, mdogo wangu, nilizima sauti. Nilimwambia umetengeneza filamu bubu, ya mtindo wa kale, kwa ajili yake. Picha ikapita ya mwanamume aliyevaa kitambaa cha mama yake, na mimi kinywa changu kikamsimulia filamu nyingine kabisa. Nilimwambia wewe ni mnyaushaji wa chai, na meneja amekuja kukagua. Kofia ya meneja imeanguka kwenye mkanda wa majani. Meneja ameifuata kofia. Mkanda umemchukua yeye na kofia, ameingia kwenye mashine akiwa amevaa suti, ametoka upande wa pili amenyauka, amesokotwa, anaambiwa yeye ni daraja la pili. Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Nilijiona fundi.

Kisha akaniuliza sauti yako iko wapi. Hata neno moja hasemi? Ni miezi minane hujafika nyumbani, na alikuwa ametamani kukusikia. Nikasema hata moja. Niliona aibu, Arasa, lakini nilisema.

Sasa nifike ninapoogopa. Utadhani niliizima kwa kumwonea Mama huruma. Nilijihurumia mimi. Wewe siku ile ya wazazi ulikuwa chekechea, ulichobaki nacho ni kicheko cha watu na jina walilompa. Hujui mwanzo wake. Mimi nilikuwa darasa la sita. Mwalimu mkuu alitutuma wote na ujumbe: kila mzazi aje na kitu cha karamu. Na sisi nyumbani, kwa ulimi wetu huo wa l na r, karamu ilikuwa ni moja tu, ile ya kuandikia. Nikamwambia Mama kila mzazi alete karamu. Akaniuliza, karamu gani? Aliuliza, Arasa. Yeye kanisani alikuwa amesikia karamu ya arusi, alitaka kuhakikisha. Nami kwa ujuaji wangu wa darasa la sita nikamjibu, biro, Mama, biro za mtihani. Mama asiyejua kusoma akaenda dukani akachagua za buluu, kumi na mbili, akazifunga vizuri kwenye gazeti.

Mwalimu alipozinyanyua juu na uwanja mzima ukacheka, aliuliza ni mtoto gani aliyeleta ujumbe huo, na fimbo ilikuwa pale mezani. Mama akasimama mbele ya watu wote akasema mtoto alisema sawa, ni masikio yake yaliyosikia vibaya. Mimi nilikuwa hatua tano kutoka kwake na nilinyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na nne. Wamemwita Mama Biro kwenye mizani ya majani, kanisani, kwenye matanga ya baba, na mimi nikiwa pale. Wewe umeigiza tu ulichoachiwa. Aliyekuachia ni mimi.

Jumanne iliyopita mama Chepchirchir alikuja kuomba jembe, akamsalimia Mama kwa furaha, "Mama Piro! Ile sinema ya kijana tumeona tena leo!" Kumbe kule kituo cha kuuzia majani, anakompeleka Mama kwa kumshika mkono, amekuwa akimsikilizisha kwenye simu yake tangu wiki uliyoitoa. Kabla sijazima sauti, Mama alikuwa ameshaisikia filamu nzima, mara sijui ngapi, sauti yako yote, na vicheko vya wanawake wenzake vikiwa juu yake.

Jirani alipoondoka nilimwendea Mama jikoni. Alikuwa anachambua mboga za chinsaga kwa vidole. Nilimwambia yote, la kompyuta na la shuleni, nikaomba msamaha. Hakuacha kuchambua. Alisema la shuleni alilijua siku ile ile, kwani alikuwa ameniuliza na akakumbuka jibu langu, lakini mwalimu yule alikuwa na mkono mzito na mimi nilikuwa mwembamba. Kuchekwa hakuachi alama mguuni, alisema. Nilipomwuliza kwa nini aliniacha nimsimulie uongo wote ule wa meneja, akasema meneja alikuwa mzuri, na pia alitaka kujua kama katika watoto aliowazaa yuko hata mmoja atakayeona haya. Nililia, mdogo wangu, na sioni aibu kukuandikia.

Basi majibu yako ni haya. Filamu yako imetengenezwa vizuri, na ndiyo maana inauma. Sikuambii uifute wala usiifute, mimi sina mdomo huo. Kuhusu kiti cha mbele, Mama amekubali. Atakuja Kericho, na Valary ameshamtolea gauni la kijani. Ila ana sharti moja. Amesema uje nyumbani kwanza, kabla ya siku yenyewe, uketi karibu naye umsimulie filamu hiyo kwa kinywa chako, mwanzo hadi mwisho, bila kuruka mahali. Nilimwuliza ni ya nini tena wakati ameisikia. Akasema hataki umwombe radhi. Anataka tu kusikia sauti yako itakwama wapi.

Watoto wanakusalimu sana, na Valary anasema usijinyime chakula kwa ajili ya kamera. Mungu akulinde njiani. Tunakungoja.

Ni mimi kaka yako,
Sagini Nyabuto