Ruhusa ya Kugusa Kazi ya Faki

Faki, mjukuu wangu,

Amani iwe juu yako huko ulikotangulia. Mie mzima, goti ndilo lile lile. Naandika mwenyewe kwa herufi zangu za darasa la pili, basi usinicheke.

Dada yako Raya ananisomea zile makala ulizoziacha kwenye kompyuta, za watengeneza programu na namna ya kuongoza wenzio kazini. Anazigeuza kwa Kiswahili kama ulivyokuwa ukifanya weye, mie nachambua karafuu na kusema langu. Hukuzimaliza, kwa hiyo nakuletea maneno yangu ya zilizobaki.

Moja inataka kila asubuhi wafanyakazi wasimame duara, kila mtu aseme jana alifanya nini. Upuuzi. Watu wazima wasimamishwe kama watoto wa chuo cha Kurani walioshindwa kuhifadhi? Wakae mkekani, wapewe chai, watasema hata ya juzi.

Nyingine inasema kiongozi asifu kuliko kukemea. Nilimwambia Raya aipite. Mie nilikukemea tangu unatambaa na ukafika chuo kikuu. Ulikuwa ukinambia, "Bibi, ungekuwa weye bosi wetu, tungekimbilia kisiwa cha Makoongwe kwa kuogelea." Ukacheka peke yako.

Iko iliyosema kazi ikichelewa, ukiongeza watu itachelewa zaidi. Huyo kasema kweli, nimeyaona kwenye hitma yako, tulipokusomea Kurani. Juzuu zimeshagawanywa, watu wanakaribia kumaliza, wakaingia jamaa wa Shumba nao wote wanataka kusoma. Kugawa upya, juzuu moja ikasomwa mara mbili, nyingine ikakutwa chini ya mto haijaguswa. Wali ukapoa.

Ya mwisho ndiyo iliyonitafutisha kalamu. Inasema kazi isikae kichwani mwa mtu mmoja, maana mtu huondoka. Raya alipofika hapo akaifunika kompyuta. Mie nikasema langu. Ile programu ya kuwakumbusha wajawazito siku ya kliniki mliitengeneza pamoja na Kombo, mwenzio wa kazi, na wenziwe, lakini ya ndani ukiyajua weye tu. Homa ikakuchukua ghafla.

Kliniki ikahamisha siku, kutoka Jumanne kwenda Alhamisi. Programu ikaendelea kuwaita Jumanne. Wanawake na matumbo yao wanatoka mbali, wanakuta mlango umefungwa. Mkasi, mjamzito wa nyumba ya pili, alirudi kwa miguu akalala ukumbini kwangu, miguu imemvimba. Akanionesha simu: "Mimi Faki, nakukumbusha kliniki Jumanne." Jina lako, na weye uko chini ya udongo.

Nikawaita Kombo na wenziwe. Wakakaa barazani wameinama kama waposaji waliokataliwa. Unajua walinambia nini? Kwamba wangeweza kuisoma hiyo programu kidogo kidogo mpaka waielewe, ila ni kitu cha marehemu na sisi wafiwa hatujawapa ruhusa. Walikuwa wakingoja tugawe nguo zako ndipo waulize. Nikawauliza, adabu gani hiyo ya kumwacha mjamzito juani? Nguo zitangoja. Mimba haingoji.

Ruhusa niliwapa pale pale, mbele ya baba yako. Wakafungua kompyuta mkekani, Raya pamoja nao. Haikuwa nyepesi, kwa kuwa hukuandika maelezo popote. Kombo akakulaumu kwa sauti ndogo, nikamwambia aseme kwa sauti, hata mie nakulaumu. Wakaiweza. Mkasi akapata ujumbe wa Alhamisi, akaenda, akapimwa. Sasa hawabadilishi kitu mpaka wote wakae, na yeyote kati yao aweze kuwaeleza wenziwe.

Wakauliza jina lako waliache. Nikasema walitoe. Wanawake walikuwa wanakujibu, Faki. "Ahsante Faki." "Faki, leo mtoto hachezi." Wanangoja ujibu. Mwenye uchungu asimngoje maiti. Nilisema hilo, kisha nikaenda jikoni, nikakaa kitako huko mpaka walipoondoka.

Sikupenda ulivyoondoka hukumfundisha mtu. Lakini radhi zangu unazo, zote, tangu ile siku walipokutoa nyumbani nami nimesimama mlangoni. Tulia huko. Wenzio niachie mie. Ijumaa watakuja kusomewa makala, na nitawakemea vya kutosha.

Bibi yako